Bi Elinipa na Daftari la Ruhusa

Bi Elinipa Mgonja ameutumikia Ushirika wa Wasindikaji Muhogo Tujaribu kwa miaka thelathini, miezi mitatu na siku ishirini na sita. Alianza kazi Jumatatu tarehe 4 Machi 1996 akiwa karani mchapaji, na anastaafu leo, Jumanne tarehe 30 Juni 2026, akiwa Afisa Habari. Siku nimezihesabu mwenyewe kwa kalenda, kwa sababu Meneja Lusajo aliniandikia "miaka thelathini" tu, kana kwamba hiyo miezi mingine Mama Justa, maana ndivyo tunavyomwita Bi Elinipa, alikuwa anakuja ofisini kuota jua.

Mimi ninayeandika ni Mwanne Kondo wa Vihingo, Kisarawe, mwanachama wa Ushirika, na mwaka wa nane huu ndimi mwomba ruhusa. Kazi hiyo ni kazi gani, nitaieleza. Shule yangu ni darasa la tatu, halafu ngumbaru, basi. Kamati ya sherehe hii ya kumuaga iliposema wasifu huu niuandike mimi kuna watu walicheka pembeni, na niliwaona. Nimeandika kwa mkono wangu. Hajira, anayepokea kazi ya Bi Elinipa, amechapa, na nimemwambia nikikuta sentensi yangu imenyooshwa namrudishia karatasi zote aanze upya. Meneja alinipa ukurasa mmoja. Huo umekwisha zamani.

Bi Elinipa alitoka Usangi, Upareni, akaja Kibaha na sanduku la bati na cheti cha kuchapa. Ofisi yetu ya Mkuza wakati huo ilikuwa chumba kimoja, kabati moja, na taipureta iliyovunjika herufi ya M. Sasa nyie fikirieni. Ushirika wa muhogo, uko Mkuza, una mwenyekiti, una mhasibu, una wanachama, na mashine haina M. Mwingine angekaa asubiri fundi. Yeye alichapa barua akiacha nafasi, kisha akarudi na kalamu nyeusi akajaza M moja moja, barua baada ya barua, miaka miwili. Wazee walionazo barua hizo nyumbani wakazitazame. Zile M zimesimama sawasawa, zote kimo kimoja.

Baadaye akaanzisha jarida letu, lile lililokuwa likitolewa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, mnakumbuka wino wake ulivyokuwa unachafua kanga. Picha hatukuwa nazo, kwa hiyo alichora. Kuchora hakujua. Muhogo wake watu waliudhania kambare. Lakini halikutoka toleo hata moja bila mchoro, kwa sababu alikuwa na neno lake moja: mwanachama asiyesoma naye apate kitu cha kutazama. Mimi wakati huo nilikuwa napeleka makopa yangu ya muhogo mkavu nikirudi na lile jarida, natazama kambare wake, nafurahi.

Kompyuta ilikuja mwaka 2008. Tovuti ilikuja 2017, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia, kwa sababu tovuti inataka picha, na Ushirika haukuwa na kamera.

Kwanza alifanya kama mnavyofanya nyie wote. Hili mwenyewe ameniruhusu niliandike. Alichapa neno "muhogo", picha zikamwagika kama mchele uliotobokewa na gunia, akachukua ile inayong'aa kuliko zote akaiweka ukurasa wa mbele. Wiki ya tatu ikaingia barua pepe kutoka kwa mtu wa mbali: hiyo picha nimeipiga mimi, hukuniomba, iondoe. Bi Elinipa akaiondoa hapo hapo. Akaandika kuomba radhi. Kisha akakaa kwenye kiti chake mpaka ofisi ikafungwa. Huyu ni mwanamke asiyechukua hata limau la jirani lililoanguka upande wake wa ua. Leo anaandikiwa na mtu asiyemjua kwamba amechukua cha watu.

Kesho yake alikuja na daftari jipya la kurasa mia mbili. Akajifundisha. Alikuta kwamba kuna maghala ya picha huko mtandaoni, wenyewe wanaopiga wanaziweka wakisema chukueni mtumie. Lakini hata hao kila mmoja ana masharti yake. Mmoja anataka jina lake liandikwe chini. Mwingine anasema mtumie shuleni na msikitini na kanisani, dukani hapana. Mwingine anakubali yote ila usiikate wala usiiandike juu. Bi Elinipa aliyasoma masharti hayo mstari kwa mstari, kwa sauti, kamusi pembeni, mpaka mhasibu akahamisha meza. Kila picha aliyoichukua aliiandika kwenye daftari: imetoka wapi, kapiga nani, kasema nini, siku gani. Na ule ukurasa wenye masharti aliuhifadhi kwa namna yake ndani ya kompyuta, maana watu hubadilisha maneno.

Aliwafundisha na wengine. Vijana wa mtaani kwake Sofu wenye blogu zao za mapishi na mpira walikuja kumwuliza, na alichowaambia kwanza ni hiki: "Picha kutokea ulipotafuta si ruhusa. Hata nyumba yangu inaonekana barabarani, mbona huingii ukalala?" Wengine walimwona mama mwenye makuu. Meneja Lusajo mwenyewe alitaka nembo yetu ibandikwe juu ya picha moja ya sahani ya ugali, na mwenye ugali huo alikuwa amekataza picha yake isiguswe. Wakabishana siku mbili. Meneja akasema, "Mama, picha ni picha tu." Akajibiwa, "Basi piga ya kwako, ubandike hata ndevu." Nembo haikubandikwa. Samahani Meneja, na wewe niliomba ruhusa nikuandike, ukasema niandike nitakavyo.

Tatizo likawa jingine. Picha za kuruhusiwa zilikuwepo, lakini hazikuwa za kwetu. Mkutano mkuu wa mwaka huo alitundika ukutani zile alizozipata, na mojawapo ilikuwa shamba zuri la muhogo, na nyuma ya shamba mlima, na juu ya mlima theluji. Watu wa Vihingo wakatazamana. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinjuma, akauliza huo mlima umeota lini Kisarawe. Halafu akasema, "Mwacheni Mama Justa, kakumbuka kwao." Ukumbi ulicheka mpaka ajenda ikasahaulika. Bi Elinipa alicheka pia, lakini aliporudi mezani akaazimia kitu kimoja: picha ya mbele itakuwa ya watu wanaofanana na wanachama wake, ardhi yao, ua wao, na itakuwa ya halali. Akatafuta wiki nzima. Mwezi wa Februari 2018 akaipata kwenye ghala moja. Mwanamke wa makamo, amekaa uani, udongo mwekundu, ua wa makuti, anamenya muhogo. Mpiga picha ameruhusu kila kitu. Akaandika jina lake kwenye daftari, akaiweka kwenye tovuti, na kwa furaha aliyokuwa nayo akaitia na kwenye bango la getini.

Mwanamke huyo nilikuwa mimi.

Alikuja kuniambia jirani yangu Mwanahalima, aliyekuwa amepeleka makopa Mkuza. Kaingia kwangu anachekelea: "Bi Mwanne, umekuwa mtu mkubwa, umetundikwa getini!" Nikamwambia mimi sijapigwa picha tangu kitambulisho cha kura. Akanieleza: ua wako, kinu chako kilichopasuka mdomo, wewe na shuka lako jeupe. Shuka jeupe nililivaa nikiwa eda tu.

Wasiojua niwafahamishe, maana hapa kuna watu wa bara wengi. Mume wangu Mzee Rajabu alifariki mwaka 2014. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama tunavyokaa. Mwanamke aliye edani hatoki, hajipambi, mwanamume wa kando hamtazami. Nilikaa uani kwangu nyuma ya ua wangu kwa heshima ya mtu niliyeishi naye miaka thelathini na saba. Siku moja kulipita wageni waliokuja kuangalia misitu. Nilisikia kitu kimelia juu ya makuti, nikadhani kuku kakanyaga kijiti. Kumbe ni mtu kachungulia na kamera yake. Akaenda zake, akaiweka kwenye ghala, akaandika kwa ulimwengu wote: chukueni. Na mimi miaka minne mizima najihesabu kwamba eda yangu ilikuwa salama.

Nilifika Mkuza kesho yake, na kwa hili siombi radhi, nilianza kupiga kelele tangu getini. Bi Elinipa akatoka, akanipa shikamoo. Sikuitikia. Nikamwuliza nani kakwambia mimi ni wa kuchukuliwa. Akaniomba nikae, akaleta daftari, akanionyesha jina la mpiga picha, masharti, tarehe, kila kitu mahali pake. "Bibi, mwenye picha ametoa ruhusa." Nikamwambia, "Mwenye picha nani? Mwenye kamera au mwenye uso?"

Nimegombana na watu wengi katika maisha yangu. Wengi ukiwapa neno kama hilo wanatafuta la kukujibu. Yeye alitazama lile daftari, akatazama bango, akanitazama mimi. Akafunga daftari. Akachukua stuli, akapanda mwenyewe na gauni lake la ofisini, akalishusha bango huku Meneja anamwambia ngoja aje mlinzi. Kisha akaingia kwenye kompyuta, akaniita nisimame nyuma yake nione kwa macho yangu inavyoondoka. Ilipoondoka akasema, "Hapa nimeitoa. Huko kwingine sijui ni wapi na wapi, lakini nitaitoa. Sistaafu kabla sijaitoa." Sikumwomba aseme hivyo. Alisema mwenyewe, na mhasibu yupo ni shahidi.

Wiki iliyofuata akaja Vihingo pamoja na Mzee Mwinjuma. Akavua viatu, akakaa mkekani mbele ya ndugu wa marehemu mume wangu, akaomba radhi. Hakusema "lakini". Hakusema "sheria ilikuwa hivi". Mpare Mkristo, hajui eda ni nini mpaka wiki ile, lakini alijua kukosa. Shemeji zangu wakamsamehe. Mimi nikamsamehe ila nikamkumbusha: picha bado iko nje.

Hapo ndipo tulipoanza. Alinieleza kwamba picha za Ushirika lazima tupige wenyewe, tuziweke kwenye ghala letu la mtandaoni, na kamera ndogo itanunuliwa, lakini watu wa vijijini hawatamkubali yeye mgeni aingie uani kwao. Akataka niwe natangulia. Nikamwuliza kazi yenyewe inaitwaje. Akafikiri, akasema, "Mwomba ruhusa." Nikaipenda.

Utaratibu ni huu, na Hajira ausome mara mbili. Siku ya kwanza naenda peke yangu, sina kamera. Nakaa, nazungumza, nasema tunataka nini na picha itakwenda wapi: kwenye tovuti, na kwenye ghala letu, na huko mtu yeyote ataichukua, wa Mwanza, wa Ulaya, mwenye akili na asiye na akili. Silainishi. Siku ya pili Bi Elinipa anakuja anapiga. Siku ya tatu tunarudi na picha mwenyewe aione. Akikubali anatia sahihi au dole gumba kwenye daftari. Akikataa inafutwa mbele yake, na kwenye daftari tunaandika "Hapana", mstari umefungwa. Sababu hatuulizi. Daftari halina nafasi ya sababu.

Watu walisema tutachukua miaka mia. Leo ghala la Tujaribu lina picha mia sita na kumi na mbili: muhogo unang'olewa, unamenywa, unaanikwa, kisamvu kinatwangwa, mashine za Mkuza, mvua ya Vihingo, mikono, mizani, watoto na wazazi wao wamesaini. Na mpaka juzi juzi kulikuwa na "Hapana" arobaini na saba, na Bi Elinipa alijivunia hizo arobaini na saba kuliko hizo mia sita. Picha zetu zinatumiwa na walimu, na watu wa blogu za mapishi, hata chuo kimoja cha kilimo nchi jirani. Wanaandika chini: picha kwa hisani ya Tujaribu. Bure, ila uandike jina.

Mnataka mfano wa ubishi wake? Mzee Mwishehe alikubali picha yake na mbuzi, akatia dole, mambo yamekwisha. Mwezi haujaisha kamfuata ofisini: shati alilovaa kapewa na mkwewe, na sasa hawasemezani, hataki kuonekana duniani na shati la yule bwana. Meneja alisema hiyo si kazi ya ofisi. Bi Elinipa akarudi Vihingo, masika yameshika, tope mpaka kwenye magoti, akampiga picha upya na shati jingine. Mbuzi wakawa hawapo, wamekwenda malishoni. Akangoja mpaka wakarudi. Juzi mzee na mkwewe wamepatana, na nimesikia anataka ile ya kwanza irudishwe. Mzee Mwishehe, mama amestaafu. Tulia.

Mwaka jana Onesmo, fundi wetu wa tovuti, alituletea mambo mapya. Kompyuta siku hizi inatengeneza bibi ambaye hajazaliwa na mtu. Akatuonyesha mmoja, anamenya muhogo, anatabasamu, meno yote. Bi Elinipa akavaa miwani akahesabu vidole: sita mkono wa kulia. "Vidole watavirekebisha, mama," Onesmo akasema. Akamjibu, "Sawa. Na mimi nikitaka kumwomba ruhusa huyu, naenda kupiga hodi nyumba ipi?" Onesmo yupo hapa ukumbini, mwulizeni ni nyumba ipi.

Lakini muda wote huo, chini ya kazi hizo zote, kulikuwa na ile moja. Picha yangu.

Aliliandikia ghala lililoiweka. Kiingereza chake cha ofisini hakikutosha, kwa hiyo binti yake Justa alikisahihisha. Ghala likanyamaza. Akaandika tena. Barua ya nne wakajibu kwamba mlalamikaji ni lazima awe mwenye sura. Basi nikaandika mimi, kwa Kiswahili changu cha ngumbaru, nikawaambia walichofanya, na Justa akatafsiri bila kupunguza ukali. Mwaka 2020 wakaitoa. Mimi nikadhani yamekwisha, nikachinja kuku. Bi Elinipa akala yule kuku, kisha akaniambia ukweli: miaka yote iliyokuwa pale watu walikuwa wakiichukua. Akaitafuta kwa njia ya kuitafuta picha kwa picha yenyewe, akahesabu mahali thelathini na moja.

Thelathini na moja! Alizipanga ukurasa wa mwisho wa daftari. Kila mahali aliandika barua. Kila aliyeitoa alipigiwa mstari. Kulikuwa na mwokaji mikate, kulikuwa na kanisa, kulikuwa na muuza dawa za kupunguza mwili aliyeweka uso wangu na maneno eti bibi huyu alipungua kilo kumi kwa wiki mbili. Mimi! Kilo kumi ningezitoa wapi? Huyo aliandikiwa mara tisa. Mara ya tisa akaitoa na kumwita Bi Elinipa mama msumbufu. Ile barua pepe ameichapa, ameibandika juu ya meza yake kama cheti.

Mpiga picha mwenyewe alijibu mwaka wa tano. Alisema hakujua kwamba nilikuwa nimefiwa, na kwamba ua aliuona mfupi. Ameomba radhi, nimempa. Ua ulikuwa mfupi kweli. Sasa nimeuinua.

Mwezi uliopita, tarehe 19 Mei, nilimwona Bi Elinipa anaingia kwangu bila kamera. Alinipa shikamoo, akakaa, chai hakunywa. Akafungua ukurasa wa mwisho. Mistari ishirini na tisa. "Bi Mwanne, zimebaki mbili. Moja ni blogu ambayo mwenyewe kaitelekeza, hana anwani, hana jina. Nyingine wenyewe hawajibu miaka mitatu. Nilikwambia sistaafu kabla sijaitoa. Nataka nimwandikie Meneja aniongezee miezi sita." Nikamtazama. Miguu imevimba. Miwani imefungwa kwa uzi. Na machozi yalikuwa karibu, ingawa atakana.

Nikamwambia, "Mama Justa, huna akili. Rudi kesho na kamera."

Kesho yake alinikuta nimevaa kanga zangu mpya za rangi ya chungwa, nimejitanda vizuri, nimejipaka wanja, nimekaa pale pale uani penye kinu, na muhogo mbele yangu na kisu. Nikamwambia piga. Mnadhani alipiga? Alinisomea masharti yote! Mimi, niliyewasomea watu masharti hayo miaka minane! "Ikishatoka hairudi, Bi Mwanne. Ataichukua yeyote. Unaelewa?" Nikamwambia naelewa, na nimeelewa kuliko wewe, piga kabla wanja haujachuruzika. Akapiga tatu. Nimechagua ya pili. Nimetia sahihi, sikutia dole.

Sasa mtu yeyote duniani akitafuta bibi anayemenya muhogo, atanipata mimi nilivyotaka anipate. Eda nimetoka, rangi ya chungwa, nawatazama machoni. Imeshachukuliwa mara mia na kumi kwa mwezi mmoja, Hajira anahesabu. Zile mbili za zamani ziko chini huko, zinazidi kuzama. Lakini zipo. Hajira, ukurasa wa mwisho wa daftari ni wako kuanzia kesho. Kila Ijumaa unaandika. Usiniambie hawajibu.

Bi Elinipa alisaini barua yake ya kustaafu siku hiyo hiyo, mezani kwangu, na chai akanywa.

Limebaki moja, kisha nawaacha mle. Mmepokea ratiba hii na mmeona jalada lake: jina, tarehe, na chini peupe. Wengine nimewasikia mkisema kamati imekuwa bahili, mstaafu wa miaka thelathini hana hata picha. Nisikilizeni. Mwenye kuchapa ratiba alisema ataichukua moja kutoka kwenye simu ya mtu, au kwenye picha za harusi ya Justa, nani atajua. Nikamwambia atoke. Nikaenda Sofu nyumbani kwake, siku ya kwanza, bila kamera, nikamweleza picha itakwenda wapi na wangapi wataiona. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana. Nikarudi mara ya pili kuuliza kama amebadili mawazo, maana utaratibu unaruhusu mara mbili. Akasema, "Hapana, Bi Mwanne. Asante kwa kuuliza."

Sababu sikuuliza. Nimeandika "Hapana" kwenye daftari, ya arobaini na nane, mstari nimeufunga kwa rula.

Mama Justa, Ushirika unakushukuru kwa kila M uliyoijaza kwa mkono, kwa kambare wako, kwa tope la Vihingo, kwa barua zote zilizojibiwa na zisizojibiwa. Wanachama wanakushukuru. Mimi nakushukuru, na marehemu Mzee Rajabu angekushukuru, naye hakuwa mtu wa kushukuru ovyo. Nenda nyumbani Sofu ukapumzishe miguu hiyo. Badilisha miwani. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na wajukuu wanaobisha hodi. Kila la heri huko uendako.

Na nyie mnaotaka kuiona sura yake, inueni macho kwenye karatasi. Yupo safu ya mbele, gauni la kijani. Mtazameni vizuri, na simu ziacheni mifukoni.